Nyasi Ndani ya Njuga

Mbwa akitoka porini huja na pori mwilini. Huja na miba katikati ya vidole, mbegu za kunata masikioni, tope la bondeni tumboni na kupe kwapani. Mjane wa mwindaji aliyajua hayo vizuri kuliko alivyovijua viganja vyake, kwani tangu alipoolewa kazi ya kuwachambua mbwa ilikuwa yake. Mumewe alikuwa akirudi, anaegemeza mkuki ukutani, anajitupa kwenye kigoda na kusema, "Mama, wapokee wanao." Naye huwapokea, huku akilalamika kwamba wanawake wenzake hupokea watoto wenye madaftari, yeye anapokea wenye kupe.

Kwa hiyo siku ile, alipompitishia Hayakuhusu mkono mgongoni asikute hata mbegu moja, aliuacha mkono palepale.

Hayakuhusu alikuwa dume jekundu, mtu mzima, sikio moja limechanika. Jina hilo alipewa na marehemu kwa ajili ya majirani wapenda kuuliza. Mtu akisema, "Huyu mbwa anaitwa nani?" anajibiwa, "Hayakuhusu," na ugomvi unaanza. Mwenzake alikuwa jike, Subira, ambaye hakuwa nayo hata chembe.

"Leo mmepita wapi, shemeji?" mjane aliuliza.

Mluzi alikuwa anavua viatu mlangoni. Ndiye mdogo wa marehemu, na jina hilo alilipata kwa sababu akipuliza midomo, mbwa wa kijiji kizima huinua vichwa. Yeye mwenyewe hakufuga mbwa. Tangu kaka yake afariki ndiye aliyewachukua wale wawili kwenda kuwinda, na nyumba ya mjane haikukosa kitoweo.

"Mbali, shemeji yangu. Nyuma ya kilima kule. Huku karibu si umeona mwenyewe? Tingatinga limenyoa kila kitu, hata panya anahama na godoro lake."

"Na mmepata?"

"Kapaa kadogo." Akampa furushi lililofungwa kwa majani ya mgomba. "Tumegawana hukohuko. Usiniulize kichwa, kichwa wamechukua wale wenzangu."

Mjane akashukuru, akaingia jikoni, akafungua. Nyama ilikuwa nzuri, nyekundu. Lakini mfupa wa paja ulikuwa umekatwa katikati, laini kama meza ya fundi. Porini watu hukata kwa kisu kwenye viungo, au hupasua kwa panga na mfupa ukavunjika vipandevipande. Hakuna anayekwenda kuwinda na msumeno. Aliposogeza pua, harufu ilikuwa ya mbuzi, mbuzi aliyelala zizini na kuitwa kwa jina.

Aliiosha nyama. Akapika, akala kidogo, akamwekea shemeji yake sahani kubwa. Alimtazama akila na kusifia utamu wa paa.

Huenda angeyaacha yapite, maana mtu mzima kununua nyama na kudanganya kwamba amewinda ni fahari tu ya wanaume, haijaua mtu. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja. Siku hiyo kampuni iliyozungushia pori uzio wa mabati ingekutana na wanakijiji uwanjani kwa mwenyekiti. Uzio ulikuwa umeshafika kwenye mpaka wa shamba lake. Ndani ya shamba hilo kulikuwa na chemchemi, na juu ya chemchemi, kaburi la mumewe. Vigingi vyenye vichwa vyekundu vilikwishachomekwa ng'ambo ya mpaka, vimesimama vikichungulia. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba kila nyumba itasemewa na mtu mmoja, na nyumba ya mjane ingesemewa na Mluzi.

"Nitasema kama ulivyonituma," Mluzi alikuwa amemwambia. "Hatuuzi. Neno moja tu, nakaa chini."

Sasa alijiuliza, anayemdanganya juu ya paja la mbuzi atashindwaje kumdanganya juu ya shamba?

Alipiga magoti kando ya kitanda. "Mungu wangu," alisema, "kama namdhania vibaya mdogo wa mume wangu, unisamehe. Na kama simdhanii vibaya, unionyeshe."

Siku ya mawindo iliyofuata aliamka mapema kama kawaida, akawavisha mbwa njuga zao. Njuga ya mbwa wa mawindo ni ya mbao, imetobolewa tumbo, na ndani unaning'inia ulimi wa mfupa. Mbwa akiingia kichakani humwoni, unamfuata kwa mlio. Ila njiani njuga haitakiwi kulia, kwani itakimbiza mnyama kabla hujafika. Kwa hiyo katika nyumba ile mke ndiye aliyeziba njuga kwa nyasi za uani asubuhi. Mwindaji akifika ukingoni mwa pori anazichomoa, na hapo mbwa wanajua kazi imeanza. Mawindo yakiisha anaziba tena kwa nyasi zozote zilizo karibu, ili warudi kimyakimya. Miaka yote nyasi zilizotoka nyumbani hazikuwahi kurudi nyumbani.

Safari hii mjane alichomoa nyuzi mbili za kijani kwenye pindo la kanga yake kuukuu, akaviringisha mmoja ndani ya nyasi za kila njuga, akazisindilia kwa kidole.

"Mbona leo unawakumbatia hivyo?" Mluzi alicheka. "Wanakwenda kuwinda, hawaendi kuolewa."

"Nawaombea."

"Na mimi je?"

"Wewe nakuombea zaidi, shemeji."

Walirudi jua likiwa bado kali. Furushi lilikuwepo, na majani ya mgomba yalikuwepo. Mluzi alipokwenda kunawa, mjane alimvuta Hayakuhusu kivulini, akaingiza kidole tumboni mwa njuga. Uzi wa kijani ulikuwa mahali pake. Akamvuta Subira, naye vilevile. Kabla hajanyanyuka, Subira alijikunja, akakohoa, akatapika miguuni pake wali na maharage.

Mjane aliutazama wali ule, kisha akachukua ufagio.

Alasiri alikwenda kwa mshonaji, jirani yake, ambaye cherehani yake ilikaa barazani kusudi asipitwe na jambo. Mdomo wa mama huyu haukuwa na breki, lakini ulikuwa na bei. Ilibidi kwanza usikilize habari za mkwe wake. Mjane alisikiliza habari za mkwe hadi zikaisha.

"Na shemeji yako anaendeleaje?" mshonaji alisema akilamba uzi. "Miguu imefupika?"

"Imefupika namna gani?"

"Si nimempunguzia suruali! Tena alinikataza nisiseme." Akatunga uzi kwenye sindano. "Sisemi basi. Ila ni ya buluu, ina mstari mwekundu pembeni, na shati lake lina mifuko miwili na kamba ya filimbi. Anabadilishia hapa chumbani kwangu asubuhi, mbwa wanasubirishwa mlangoni kama wadeni. Mimi sijasema kitu, dada'angu."

"Hujasema."

"Nani kakuambia?"

"Subira," mjane alisema, akaaga.

Asubuhi ya Alhamisi Mluzi alichukua mbwa akidai anakwenda kujaribu bahati mara ya mwisho kabla ya mkutano. Mjane alimwacha atangulie. Alijifunga kanga ya pili kichwani, akachukua ndoo kama mtu aendaye chemchemini, na alipofika chemchemini akapitiliza.

Zamani njia ile ilikuwa ikipita chini ya vichaka, na ulikuwa ukiinama kama unaingia nyumba ya mtu. Sasa ilikuwa uwanja. Udongo mwekundu ulikuwa wazi hadi macho yalipochoka, na magogo yalikuwa yamelundikwa pembeni mizizi juu. Mabati yalimulika jua. Aliufuata uzio hadi kwenye geti la chuma.

Pale getini, kwenye kivuli cha kibanda, Hayakuhusu na Subira walikuwa wamefungwa kamba, kila mmoja na sahani yake ya bati. Mluzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa buluu tupu, filimbi kifuani.

Subira ndiye aliyemwona kwanza. Alirukaruka, njuga ikagonga bila sauti.

"Shemeji!" Mluzi alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Usisimame, uko kazini," mjane alisema. Akaweka ndoo chini, akaiketia. "Mawindo yanaendaje?"

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Ulikuwa unaniletea mbuzi."

Mluzi aliuvua ule uso wa kucheka aliozoea kuuvaa. "Pori limekwisha, shemeji. Utawinda nini hapa, mabati? Mara ya mwisho nilipowaachia hawa walizunguka, wakazunguka, wakarudi kunitazama. Nikaona haya mbele ya mbwa. Nikasema, nikikwambia mawindo yamekufa utakata tamaa, utauza. Nikaona bora uendelee kula ukijua pori lipo."

Mjane alitaka kumwamini. Moyo wake ulikwishalegea, ukaanza hata kumlaumu yeye mwenyewe kwa kupekua njuga kama mpelelezi. Mtu aliyefanya ulinzi kwa siri ili shemeji yake asivunjike moyo, huyo si mbaya, ni mjinga mwema tu.

"Na kesho?"

"Kesho nitasema hatuuzi. Hawa watu wa ndani hata siwajui. Mimi ni wa geti tu. Wanapita na magari yao, vioo juu."

Gari lilipiga honi. Mluzi alikimbia kufungua. Lakini vioo havikuwa juu. Mwanamume mwenye kofia ngumu nyeupe alishuka mwenyewe, na Hayakuhusu, ambaye kwa mgeni huwa anakunja mdomo kabla mgeni hajamaliza salamu, aliinuka akitikisa mkia. Akavuta kamba hadi mwisho, akaingiza pua moja kwa moja kwenye mfuko wa kulia wa suruali ya yule bwana. Bwana akatoa kipande cha mkate, akampa, akamkuna nyuma ya lile sikio lililochanika.

"Mzee Hayakuhusu!" bwana alisema. Kisha akamgeukia Mluzi. "Kesho tuko pamoja, au siyo? Mkimaliza pale njoo ofisini tuandikiane ule mkataba wa kudumu. Mbwa nao wapo kwenye hesabu." Akamwona mjane juu ya ndoo. "Shikamoo mama. Maji kule juu," akaonyesha upande wa chemchemi, "choteni tu kwa sasa."

Akaingia ndani ya uzio na gari lake.

Mjane hakujibu ile shikamoo hadi gari lilipopotea. "Marahaba," alisema, akiliambia vumbi.

Mluzi alikuwa anachezea filimbi. "Mimi nitakula wapi, shemeji?" alisema mwishowe, na sauti yake safari hii haikuwa na mapambo. "Najua kupiga mluzi na kufuata mbwa. Wamenipa kitu cha kufanya. Shamba lile wataliteka hata tukisema nini. Bora mmoja wetu awe ndani."

"Huenda," mjane alisema. "Hilo ungenijia nalo nyumbani, tungelipika pamoja. Umekumbuka majani ya mgomba, ukasahau nyasi."

"Nyasi gani?"

Mjane akainuka kwenye ndoo. Alipiga goti, akawafungua mbwa kamba, akachukua ndoo yake. Mluzi alipuliza midomo, si kwa nguvu, labda kwa mazoea tu. Subira alisita, akageuza kichwa huku, akageuza kule. Hayakuhusu alisimama akimtazama mjane usoni, mkate ukiwa bado kwenye masharubu. Mjane alisimama akingoja. Hilo nalo alitaka kulijua. Kisha lile dume likapiga chafya, likamfuata, na Subira nyuma yake.

Siku ya Ijumaa uwanja wa mwenyekiti ulijaa. Bwana wa kofia nyeupe alikuwa ameketi meza ya mbele, chupa ya maji mkononi. Nyumba zilisimama moja moja, nyingi zikakubali, sauti zikididimia kila mtu alipofika kwenye neno lenyewe. Zamu ilipofika, Mluzi alinyanyuka kwenye benchi, amevaa shati lake la kawaida.

"Kwa nyumba ya marehemu kaka yangu," alianza.

Njuga zikalia.

Watu waligeuka. Mjane alikuwa amesimama nyuma kabisa, mbwa wawili miguuni, na mikononi mwake vidonge viwili vya nyasi vyenye uzi wa kijani. Mbwa, waliposikia ndimi zimefunguka, walidhani kazi imeanza. Wakazunguka, wakapita chini ya mabenchi, njuga zikigonga hadi watu wakanyanyua miguu na mshonaji akapanda juu ya kiti.

"Mwenyekiti," mjane alisema, "anayesimama pale ni shemeji yangu, nami namheshimu. Lakini ana kazi kwa hawa mabwana, na mtu hawezi kulinda geti akiwa pande zote mbili. Nyumba yangu naisemea mimi. Hatuuzi."

Mwenyekiti alimtazama bwana wa kofia nyeupe. Bwana wa kofia nyeupe alimtazama Mluzi. Mluzi alitazama viatu vyake, akaketi.

"Imeandikwa," mwenyekiti alisema. "Na uwakamate hao mbwa wako, mama. Huyu mmoja anaitwa nani, ananila kiatu?"

"Hayakuhusu," uwanja mzima ulijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakacheka.

Mluzi alikuja jioni ileile, akasimama mlangoni, viatu bado mguuni. Mjane alimwekea chakula, naye akala. Alipoondoka hakuomba mbwa.

Tangu siku hiyo njuga hazikuzibwa tena. Mbwa wanavaa mchana kutwa, na mlio wao unazunguka shamba, unashuka chemchemini, unapanda kaburini, unarudi uani. Mjane anapepeta nafaka, anasali, anafua, na sikio moja liko kwao. Wakati mwingine mlio unakwenda hadi mpakani, karibu na mabati, na unatulia. Mtu anaweza kuwa ana mkate mfukoni. Mtu anaweza kuwa anapuliza midomo taratibu.

Hapo mjane huweka ungo chini, husimama, na kungoja hadi njuga zilie tena.