Mtani Aliyetumwa Kuchoma Nyumba

Boma lilitoa siku saba za kuhama. Zikaisha, na Rosaria bado anageuza samaki wake juu ya moshi.

Ahamie wapi? Huko kilimani kwenye viwanja walivyogawiwa, njia ya Kafutuma, kuna mchwa tu. Alitoka Chienge mjane, mikono mitupu, akajenga nyumba ya matete hatua ishirini kutoka majini bila kumwomba mtu ruhusa. Miaka sita wavuvi wa Nchelenge walimwuzia yeye kwanza, maana alikuwa karibu. Ukikaa kilimani, mpaka uteremke, samaki wameshakwenda. Sasa mzungu wa boma anasema zile nyumba arobaini za ufukweni ni uchafu, zipishe ghala la barafu. Uchafu! Na samaki wa uchafu huo walikuwa wakiliwa mezani kwake kila Ijumaa, wala hakuona haya.

"Mi siendi," Rosaria aliwaambia majirani. "Muzungu akitaka, anichome pamoja na nyumba."

Siku ya nane mzungu akaja, mwaka ule wa hamsini na tatu, na matarishi wawili: Jairos, pande la mtu, kofia nyekundu kichwani na kibiriti mkononi, na mdogo wake Zacharia. Rosaria alipowaona nusura acheke. Boma, kwa ujinga wake, lilikuwa limeajiri ndugu wa ukoo wa Mamba, na yeye ni wa ukoo wa Samaki. Watani! Na kwa watu wa ziwa lile utani si kicheko tu. Mtani akikutukana humkasirikii, akikunyang'anya kitu humdai, na ukimwinulia mkono, aibu yake utazikwa nayo.

"Ebo! Weye Mamba!" akampigia kelele Jairos. "Tumbo limejaa samaki, sasa unataka kula na nyumba yao?"

Akamvua kofia akaivaa mwenyewe. Akampokonya kibiriti akakitia kifuani, kisha akaketi mlangoni na kunyoosha miguu. Wanawake wakaangua kicheko.

"Mama Rosaria, nirudishie," Jairos alisema kwa sauti ya chini. "Ni kazi tu, mama."

"Njoo ukichukue, kama weye ni mwanamume."

Jairos hakusogea.

"Mwondoe huyo mwanamke!" mzungu akafoka.

"Siwezi, Bwana. Ni mtani wangu."

"Wewe, basi!" mzungu akamgeukia Zacharia. Zacharia akatazama ziwa.

Uso wa mzungu ukawiva. Akatoa kibiriti chake mwenyewe cha petroli, akazunguka nyuma ya nyumba, akawasha paa. Matete makavu, jamani! Rosaria alikaa palepale mpaka cheche zikamwangukia begani, majirani wakamvuta kwa nguvu. Alilia kwa hasira, tena kwa sauti.

"Kesho nyumba nyingine," mzungu akasema. Akawaamuru wale ndugu wavue sare hapohapo, akaondoka peke yake.

Saa tisa alasiri Jairos akarudi na fulana iliyotoboka, mzigo wa miti begani. Nyuma yake Zacharia alibeba matete.

"Umechelewa, Mamba mvivu!" Rosaria akamfokea, koo limekauka kwa moshi. "Nyumba ya mtani inateketea, weye unakula ubwali!"

"Nilikuwa nakata miti, Samaki uliyeoza." Jairos akatua mzigo. "Kazi sina tena, kwa hiyo nina siku nzima. Tuisimamishe wapi?"

Watu wa ufukweni walikuwa wamekusanyika, wengine na majembe. Mzee mmoja akanong'ona kwamba labda warudi nyuma kidogo, kule kwenye vichaka, mzungu asiione upesi.

"Thubutu!" Rosaria akaingia katikati ya majivu, yangali moto, akakanyaga kwa kisigino. "Hapa. Akiichoma kesho, kesho kutwa ni hapahapa."

Jairos akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo la nguzo ya kwanza.