Wafungwa wa Mfalme wa Ufaransa

Kama kuna mtu aliyenichosha masikio hapa duniani, ni Wamalwa, karani wa mizani katika shamba la kahawa tulilokuwa tukichuma, upande wa Theta, ukitoka Ruiru. Kila saa sita, madebe yakishapimwa na sisi wachumaji tumekaa chini na viazi vyetu, yeye alipanda juu ya magunia, akachana karatasi ya jana kwenye kalenda ya misheni, akakohoa kama mhubiri. Kwanza alitutajia mtakatifu wa siku. Halafu akatuambia siku kama ya leo, miaka mia ngapi iliyopita, nani alizaliwa, nani alikatwa kichwa, mji gani uliungua. Mimi nilikuwa nasema huyu Mbukusu alimeza redio akiwa mtoto.

Zamani alitusomea gazeti, hata lile la Kizungu ambalo mpishi wa bwana alimfichia. Ilipokuja Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali, bwana mwenye shamba akakataza. Wachumaji wachume, habari ziacheni. Nyapara wetu, Dalmas, Mjaluo mrefu wa maneno machache, akapewa kazi ya kusikiliza. Kalenda ndiyo iliyoruhusiwa, kwa sababu ilikuwa na picha ya Bikira Maria na bwana hakuona itamdhuru nani.

Wamalwa angenyamaza? Mtu kama yule ukimziba mdomo atasema kwa pua. Akaanza kutuletea mfalme wa Uajemi. Siku kama ya leo, mfalme wa Uajemi alipandisha bei ya sukari. Kesho yake ukienda dukani Ruiru, sukari imepanda. Siku kama ya leo, askari wa mfalme wa Uajemi walizunguka mashamba wakikagua pasi za ruhusa ya kutembea. Jioni hiyo sisi Wakikuyu tulikuwa ndani mapema, milango imefungwa. Dalmas alisimama pale pale akichokoa meno, akisikia historia, na sisi tunasikia habari. Hata watoto walielewa.

Lakini mimi nilingoja habari moja tu. Mume wangu, Ephantus, alichukuliwa mwaka wa hamsini na nne akiwa ameenda Thika kununua misumari, wakampeleka kambi za wafungwa kule chini, Manyani. Mwanzoni nilipata salamu kwa watu. Baadaye kimya. Kufika hamsini na nane wanaume wa wengine walikuwa wanarudi, wake zao wanapiga ngemi, vigelegele vyetu, mpaka unawasikia ng'ambo ya mto, na mimi niko kwa kahawa nachuma. Binti yetu, Njambi, aliniuliza siku moja kama baba yake amekufa. Nilimpiga kofi.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa saba, baridi imetukaza vidole, Wamalwa akapanda magunia akasema: siku kama ya leo, watu wa Ufaransa walivunja gereza la mfalme wao, na wafungwa wote waliokuwa ndani wakatoka. Alisema hivyo akiniangalia mimi. Ngai! Nikajua. Amebadilisha mfalme ili Dalmas asishtuke. Kiazi sikumaliza. Nilipita nyumbani nikachukua shati jeupe la Ephantus, lile la kanisa, nikashika njia ya Thika kwa miguu, bila ruhusa na bila pasi.

Nilikaa stesheni ya Thika na shati langu mapajani. Gari la moshi likaja, wakashuka watu na mizigo yao, vitunguu vikashushwa, likaondoka. Sikuona mfungwa hata mmoja. Aliyeniona ni askari, akaniuliza pasi iko wapi. Jioni ilibidi Dalmas aje kunitoa korokoroni, na bwana akaniambia nikiondoka tena bila cheti, nichukue mtoto wangu na sufuria zangu niondoke kabisa kwa shamba lake. Na mimi sikuwa na kwingine. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imechomwa.

Wamalwa alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi, akasema ile ilikuwa historia. Historia ya kweli, imeandikwa kwenye kalenda. Nikamuuliza, kama ni historia, mbona ulikuwa unaniangalia mimi? Akajibu kwamba nilikuwa nimekalia mfuko wake wa chakula. Wee! Nilimtukana siku hiyo, nikamtukania na kalenda yake na Wafaransa wake, mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza.

Tangu hapo saa sita nilikaa mbali, mgongo kwake. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Yeye naye aliogopa, akamwacha hata mfalme wa Uajemi, akabaki na watakatifu peke yao. Wachumaji wakanilaumu mimi, ati sasa sukari inapanda na hawajaambiwa.

Mwezi wa kumi, siku ya Mtakatifu Krispin, Wamalwa alikuwa ameenda Thika asubuhi na lori la kahawa. Siku hiyo nilijua ni ya Krispin kwa sababu jana yake alitutangazia kwamba kesho ni ya msimamizi wa washona viatu, na sisi tukacheka, miguu yetu sote ilikuwa mitupu. Lori liliporudi, hakupanda magunia. Kalenda hakuigusa. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa, na Dalmas yuko pale anatazama.

"Mama Njambi," akasema, "Ephantus yuko Thika."

Niliendelea kumenya kiazi. Nikamuuliza ni mfalme wa wapi leo.

"Hakuna mfalme. Ni leo, asubuhi hii. Wameshushwa pale ofisi ya wilaya, kwa D.O. Nimeita jina lake mstarini, akaitika; nimemwona, nimeongea naye."

Watu wakaacha kutafuna. Dalmas akatoa kijiti mdomoni, akamkumbusha karani kwamba bwana alikataza kusomea wachumaji habari.

"Sijasoma," Wamalwa akasema. "Nimeona."

Alisema hivyo mbele ya Dalmas, na hapo ndipo nilianza kuogopa, kwa maana kazi ya mizani haipatikani ovyo na yeye alikuwa na watoto sita kule kwao. Nilitaka kumwamini, Mungu anajua. Lakini mawazoni nilimwona Njambi kando ya barabara na sufuria kichwani, tumefukuzwa. Nikamwambia anipe kitu cha Ephantus ambacho hakiko kwenye kalenda.

Akafikiri. Akasema Ephantus alimuuliza kama bado ninawapigia watu kelele, naye akamjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye ninayempigia zaidi. Basi Ephantus akacheka, lakini akicheka anaziba mdomo na mkono, hivi, kama msichana.

Kisu kikaniponyoka. Ndama alimvunja Ephantus jino la mbele tukiwa tumeoana juzi tu, na tangu siku hiyo hajawahi kucheka bila kuziba mdomo. Sijamwambia mtu yeyote pale shambani. Wamalwa hangeweza kubuni kitu kama hicho, hata yeye na domo lake.

Niligeuka kwa Dalmas. Alinitazama, akatazama mizani. Kisha akasema, bila kumwambia mtu fulani, kwamba lori linarudi Thika na mzigo wa pili na halina mtu wa kushikilia magunia. Akaandika cheti chenye jina langu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya ajabu, na mimi niliupenda wote.

Nilimkuta amekaa chini kwenye mstari pamoja na wengine, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Miaka yote ile nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, mazuri, mengine ya Biblia. Nilipomfikia nikasema, "Na mbona umefunga vifungo kombo?" Akaangalia kifua chake. Halafu nikalia, nililia vibaya mbele ya askari na kila mtu, na yeye akaziba mdomo.

Kwa D.O. nilitia kidole pale walipotaka nitie, nikapewa mume wangu. Tukapanda lori, tukakaa juu ya magunia matupu. Akalaza kichwa mapajani mwangu, na hatujafika Witeithie alikuwa amelala. Nikaweka kiganja kifuani pake. Kilipanda, kikashuka, kikapanda. Nilihisi pumzi yangu mwenyewe inashuka mpaka tumboni, kitu ambacho haikuwa imefanya tangu siku ya misumari. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha ambayo hata sasa sijui kuieleza.

Wamalwa alikuwa mbele yetu, ameshika ubao wa lori, upepo umejaa shatini. Maskini, alikuwa amejizuia tangu asubuhi. Alimtazama Ephantus, akanitazama mimi, uso umejaa tabasamu, akainua kidole na kukohoa.

"Siku kama ya leo," akaanza.

"Nyamaza, wewe," nikamwambia polepole. "Mtu wangu amelala."