Moshi wa Udi Juu ya Kabati

Rawiya alipoingia sebuleni na sinia ya vikombe vya kahawa, nyumbani kwao mtaa wa Malindi, alikuta shimo jeusi limekaa juu ya kabati la vyombo. Alilitambua mara moja, maana kazi yake chuoni ilikuwa kutazama gesi ikiliangukia. Ndilo lile la katikati ya kundi letu la nyota, zito kupita jua mara mamilioni. Kabati lilistahimili. Mama yake alitaka kujua tu kama litachafua ukuta.

Halikuchafua. Lilivuta moshi wa udi, basi. Moshi ulizunguka, ukapata moto, ukawaka, kisha ukaingia. Rawiya alilitazama kama anavyolitazama kazini, mpaka akaiona ukingoni harusi ya kaka yake Tamim. Hilo nalo ni la kawaida: kinachoanguka mle, kwa anayetazama kwa mbali, huonekana kimekwama mlangoni. Ila uso ulimwiva kwa aibu.

Harusini yeye ndiye aliyezungusha chetezo cha udi. Kila mwanamke alifunua mtandio, akafukizwa. Alipofika kwa Bi Mwanapili wa Ng'ambo, mpishi wao, aliyemlea tangu ananyonya, wakwe wa Tamim walikuwa wanatazama, na Rawiya akampita kama kiti. Sasa Bi Mwanapili alikuwa pale ukingoni, mtandio ameufunua, anangoja.

Mwenyewe alifika baada ya sala ya alasiri, na kikapu cha samaki wa Chwaka.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama juu ya kabati. "Kumbe nlifunua mtandio wote vile! Masikini mie."

"Nisamehe."

"Nshakusamehe zamani. Lakini siku moja nfukize mbele za watu, yaishe."

Siku haikukawia. Wakwe walikuja kulitazama shimo, wakasema linapendeza kuliko feni. Mama akaleta chetezo. Rawiya alikizungusha, na moyoni alikwisha kuapa kwamba leo hampiti mtu. Bi Mwanapili alikaa mwisho wa mkeka, karibu na jikoni. Alipomwona anakuja akafunua mtandio, kidogo tu safari hii. Bi Faiza, mama wa bibi harusi, akainua jicho.

Rawiya akageuka. Akarudi kwa Bi Faiza, akamfukiza mara ya pili.

Rawiya alitamani ardhi immeze. Chenye uwezo huo kilikuwa juu ya kabati, na hakikumtaka. Moshi ulizunguka, ukawaka. Ukingoni wakawa Bi Mwanapili wawili, wanangoja. Wa tatu aliinuka, akaenda jikoni kupara samaki.