Mikono ya Papa Placide

Kah! Kiti cha jikoni kililia, kisha mwiko ukalia juu ya vidole.

"Chini!" Capitoline alinong'ona, asije akawaamsha majirani. "Mikono chini, baba Chloé. Umekufa tena."

Ilikuwa alfajiri ya Julai 2017, ghorofa ya sita, mtaa wa wahamiaji wa Hillbrow, baridi inapenya hadi kwenye meno. Mumewe, Placide, alikaa kitini amefungwa taulo machoni. Miaka ishirini na miwili, tangu jeshini enzi za Zaire, alikuwa amerusha na kufundishia jeti za mafunzo zenye kiti kinachomtupa rubani nje hatari ikija. Mshikio wa kiti hicho ulikuwa juu ya kichwa. Walimu wake walimfunga macho, wakamchapa kwa mkanda wa suruali hadi mikono yake ikajifunza kwenda juu yenyewe, hata usingizini.

Sasa karakana moja mashariki mwa jiji ilikuwa imezifufua jeti zile kuukuu, ikamwajiri Placide kuzifundishia. Palipokuwa na saa za mishale waliweka skrini, na viti vilikuwa vipya. Mshikio ulikuwa umehamia katikati ya mapaja.

Mara kumi Capitoline alisema, "Ruka!" Mara saba mikono ilikwenda chini. Mara tatu ilikwenda juu, na mwiko ukaifuata. Alipomaliza alivifunga vidole vilivyochubuka kwa kitambaa safi, akavipuliza kama anayepoza uji wa mtoto.

"Waombe wiki moja zaidi."

"Nikiomba wataniambia, mzee, nenda nyumbani ukalale."

Saa tatu asubuhi alikuwa angani. Mbele yake alikaa mwanafunzi wake, Jocelyne, binti wa Lubumbashi mwenye miaka ishirini na sita. Placide, nyuma, alishika kipande cha mpini wa ufagio. Kila Jocelyne alipoikodolea skrini macho, mpini ulitua kwenye helmeti yake.

"Angalia nje! Hiyo televisheni itakuzika!"

"Papa, inaniambia kila kitu."

Ta! "Na hiyo imekuambia?"

Alikuwa ameinua mpini ampige tena, na ndiyo maana hata yeye hakuwaona mabata bukini. Mmoja aliingia kwenye injini. Jeti ilipiga kishindo, injini ikatapika vyuma, moto ukapasua sakafu na kulamba buti zao. Jeti ikabinuka. Jocelyne aliinyoosha kwa mikono yote miwili, akaielekeza kwenye kilima cha mchanga wa mgodi, mbali na mabati ya watu.

"Ruka!" Placide alipiga kelele. Na mikono yake ikaenda juu.

Ilishika hewa. Ikakwaruza kioo, kucha zikang'oka, ikaendelea kutafuta.

Kwenye viti vipya, mmoja akivuta, wote wawili wanatupwa nje. Jocelyne alikuwa tayari ameshika mshikio. Lakini kwenye kioo kidogo mbele yake aliiona mikono ya mwalimu wake hewani. Angevuta wakati ule, ingevunjwa kama kuni.

"Chini, Papa! Mikono chini!"

Hakusikia. Sekunde moja. Mchanga ulikuwa unapanda kuwafuata. Jocelyne akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote, ndege ikaruka upande, kichwa cha Placide kikagonga kioo, mikono ikamwangukia mapajani. Sekunde mbili. Akavuta.

Placide alianguka mchangani mbavu zimevunjika, damu mdomoni. Jocelyne alitoka wa pili, parachuti yake haikuwahi kujaa. Placide alijikokota, akamkuta amelala, miguu imekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, akilia bila sauti. Mchimbaji mmoja wa dhahabu ya wizi alitoka shimoni, akavua koti lake, akamfunika. Aliondoka bila kutaja jina.

Baada ya siku tisa Placide aliingia wodini akitembea kwa kujishika ubavu. Nesi alimwona, akamsogezea kiti bila kuombwa.

"Nimeiambia kamati ya ajali kila kitu," Placide alimwambia Jocelyne. "Mikono yangu. Na fimbo."

"Walishajua. Ile mitambo mipya inarekodi sauti. Wamenisikilizisha." Jocelyne alimtazama. "Mara kumi na nne, Papa. Kwa dakika tisa. Eish, unajua kupiga!"

Placide alitaka kucheka, mbavu zikamkata.

"Wamenitoa kwenye kufundisha."

"Vizuri."

Alilipokea neno hilo kama lilivyokuja. Kisha akauliza alichokuwa akikibeba siku zote tisa. "Kwa nini hukuvuta mapema? Sekunde mbili zile ndizo zilizokula miguu yako."

"Ulikuwa na mikono juu," alisema Jocelyne, kama mtu anayesema nje kuna mvua.

Placide aliinamisha kichwa, akalia, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu. Jocelyne hakumnyamazisha. Alimsogezea kikombe chake cha maji, akangoja.

"Ijumaa watanipasua tena," alisema baadaye. "Huu wa kushoto hawajui kama utabaki. Naogopa, na hapa sina mtu."

Placide alifuta uso kwa kiganja.

"Njoo Ijumaa, Papa. Uje mapema, kabla hawajanipeleka."