Bosi Ana Kiti

Pasi ikipoa, mkosaji ni dobi. Mkaa ukipanda bei, mkosaji bado ni dobi, maana mteja hanunui mkaa, ananunua shati lililonyooka. Asubuhi ile dobi alikuwa akinung'unika hivyo peke yake, akipuliza majivu kwenye pasi, huku rundo la vizibao vya manjano likimsubiri mezani. Kila kimoja ilibidi akifunike kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupitisha pasi, maana nailoni na moto wa mkaa havijawahi kuwa na urafiki. Vilikuwa vizibao vya klabu ya kujitolea, ile ambayo mtaani wanaiita Watu wa Vizibao. Katibu wao alivileta jana, mwanamke mpole mwenye sauti tamu, akasema, "Kaka dobi, na wewe jitolee kidogo basi. Ni kwa ajili ya jamii." Dobi angesema nini? Alipokea.

"Begani umeacha mkunjo," mama yake alisema.

"Mama, ni kizibao cha kuzolea taka."

"Taka hazina macho, watu wanayo. Rudia."

Akarudia. Huyo mama mtaa mzima ulimwita Bosi, na haukukosea. Kazi hiyo ya udobi ilikuwa yake kabla haijawa ya mwanawe, mpaka kiharusi kilipomchukua upande wote wa kulia. Kilimwachia mkono wa kushoto na mdomo, na mdomo ukajipa zamu ya viungo vilivyolala. Kila asubuhi mwanawe alimtoa chumbani, akamsogeza mezani, na Bosi akakunja mashati kwa mkono mmoja, akasalimiana na wapita njia, akamsema huyu, akamtania yule. Miezi ya mwanzo baada ya kuugua alilala chali akihesabu misumari ya dari, na akafikia kumwambia mwanawe kwamba heri angekufa. Alipopata kiti, maneno hayo yalikoma.

Kiti chenyewe, nacho! Kilikuwa kiti cha plastiki kilichokatwa miguu, kikafungwa kwa boliti juu ya chuma cha kigari cha mtoto mchanga. Nyuma kilikuwa na magurudumu ya baiskeli ndogo, mbele vijigurudumu vya toroli. Alikiunda fundi baiskeli wa kona, anayeitwa Spoku kwa wembamba wake, na majirani walichanga vyuma. Kililia kama mlango wa kale na kilivuta kushoto, lakini kilikwenda. Shida ilikuwa ekseli ya mbele, kile chuma kinachobeba magurudumu. Spoku alishaichomelea mara mbili, na juzi aliigonga kwa kucha, akatikisa kichwa. "Kutu imekula, dobi. Ikikatika tena sina pa kushikisha moto."

Kwa hiyo mjumbe wa mtaa alipofika na habari yake, dobi aliweka pasi chini kabisa akamsikiliza.

"Nimewapigania mpaka basi," mjumbe alisema, akijipangusa jasho. "Leo klabu wanagawa viti vya magurudumu pale uwanjani. Viti vya kweli, vya hospitali. Bosi yumo."

Dobi alimtazama mama yake, na mama akajifanya anatafuta kifungo kilichodondoka.

"Ila hicho kidude," mjumbe aliendelea, akikionyesha kiti kwa kidevu, "kisionekane."

"Kwa nini? Si ndiyo waone tunavyohangaika?"

"Watakachoona ni mtu mwenye kiti. Wenzake wanatambaa, dobi. Halafu wanataka picha mbili, ya kabla hapa nyumbani na ya baada kule uwanjani. Sasa kabla yenyewe iwe na kiti, baada itakuwa na nini?"

"Kwa hiyo nidanganye," Bosi alisema.

"Usidanganye, Bosi. Nyamaza tu."

"Nimewahi kunyamaza mimi?"

Wote watatu walicheka. Dobi alicheka kuliko wenzake, kwa sababu alikuwa na furaha, na mwenye furaha hana macho.

Wangekificha wapi? Chumba kilikuwa kimoja, na humo ndimo mpiga picha angeingia. Majirani walikuwa wameshafunga milango na kwenda vibaruani. Dobi alikisukuma kiti hadi nyuma ya bafu la pamoja, pale ambapo mtaa humwaga taka, akakifunika kwa gunia. Alijua vizuri kwamba siku hiyo Watu wa Vizibao wanafanya usafi, si yeye aliyekuwa akiwanyooshea vizibao? Lakini kila mwaka walifagia barabara kuu tu, kipande kile kinachopitiwa na magari, wakapiga picha na mifagio yao, wakanywa soda wakaondoka. Huku nyuma hawajawahi kukanyaga tangu dunia iumbwe. Aliona amekiweka mahali salama kuliko benki.

Katibu alikuja na kijana mwenye kamera. Bosi alikuwa amekalishwa kitandani katika gauni lake la buluu, lile la kutokea, ambalo dobi alikuwa amelipiga pasi mara mjumbe alipoondoka, kabla ya kazi nyingine yoyote, kola imesimama, mikunjo ya kiunoni imelala sambamba. Mpiga picha alimtazama, akamnong'oneza Katibu.

"Mama yangu," Katibu alisema, na uso wake ulionyesha kwamba halikuwa jambo jepesi kwake, "unajua watu hawatujui. Tunafanya kazi hii miaka mingi, lakini umma hauna habari. Ukiona picha ndipo unaguswa, ndipo na wafadhili wanakuja. Sasa ulivyopendeza hivi, hutaonekana una shida. Huna gauni jingine?"

"La shida?" Bosi aliuliza.

"Lisilonyooka sana."

Ndani ya nyumba ya dobi wanatafuta nguo isiyonyooka. Hawakuipata. Kila kilichokuwa sandukuni kilikuwa kimekunjwa kwa mkono wa Bosi mwenyewe. Basi mama akavuliwa lile gauni la buluu nyuma ya pazia, na dobi akalichukua, akatoka nalo uani. Alilifinyanga. Alilibana katika ngumi, akalisokota kama anayekamua maji, akalikanyaga, akalirudisha. Aliona aibu ambayo hakuijua tangu azaliwe. Mama alilivaa bila kumtazama.

Walimketisha sakafuni, mgongo ukutani. "Asitabasamu," mpiga picha alisema. Ombi hilo halikuwa na haja.

Uwanjani kulikuwa na turubai, viti vya wageni na kipaza sauti kilichopiga miluzi. Dobi alifika na mama mgongoni, jasho likimchuruzika. Wahitaji walikuwa watano, wamepangwa mstari mmoja juani. Mbele yao, juu ya zulia dogo, kilikuwapo kiti kimoja. Jamani, kilikuwa kizuri. Chuma cheupe kinachong'aa, mto mweusi, breki mbili, na pa kuwekea miguu.

"Vingine viko wapi?" dobi alimuuliza mjumbe.

"Tulia. Hotuba kwanza."

Hotuba zilikuwapo, za kutosha. Mwenyekiti wa klabu alieleza kwamba huduma bila kujulikana ni taa iliyofunikwa chungu. Aliyekuja kumwakilisha mkubwa fulani naye akaeleza, kwa muda mrefu zaidi, kwamba mkubwa huyo angependa sana kuwapo. Kisha wakaanza na Bosi. Vijana wawili wa vizibao walimwinua wakamweka kitini, wakamfunga mkanda, na dobi akaona mama yake anakaa wima kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, haegemei kushoto, hashiki pembeni. Bosi alipeleka mkono wake mzima kwenye gurudumu, akasukuma kidogo. Kiti kikateleza bila sauti. Akatabasamu kama msichana, kamera zikalia, watu wakapiga makofi. Dobi alilia waziwazi na hakujali.

Halafu wale vijana wawili wakamfungua mkanda, wakamwinua, wakamrudisha chini. Wakamweka anayefuata.

"Samahani," dobi alisema. Hakuna aliyesikia, makofi yalikuwa mengi. Alimfuata Katibu hadi nyuma ya turubai.

"Vingine vimekwama bandarini, kaka," Katibu alisema, macho chini. "Ushuru. Hiki ni cha maonyesho. Kesho kinaenda mtaa mwingine, keshokutwa mwingine. Ndiyo maana tunahangaika watu watujue, wakitujua watachangia, viti vitatoka. Vikitoka mama ni wa kwanza, nakuahidi."

"Lini?"

"Muombe Mungu."

Alisema kwa uchungu wa kweli, na hapo ndipo dobi alipoishiwa nguvu, kwa maana mtu akiwa mwongo unaweza kumtukana. Alimbeba mama. "Kachukue changu," Bosi alisema walipokaribia nyumbani. "Kinavuta kushoto, lakini hakiendi bandarini."

Dobi alimlaza, akazunguka nyuma ya bafu. Ardhi ilikuwa nyeupe, imefagiwa mistari mistari. Rundo la taka halikuwapo. Gunia halikuwapo. Msichana mmoja wa vizibao, mwanafunzi, alikuwa akimalizia kufagia, uso unang'aa kwa jasho na fahari.

"Shikamoo, baba. Mwaka huu tumeingia hadi huku ndani. Umeona palivyopendeza?"

"Kulikuwa na kiti hapa."

"Kile kibovu? Tulikipandisha sisi wenyewe kwenye lori. Kilikuwa kizito kweli." Alimwona uso, sauti ikashuka. "Kwani vipi, baba?"

Lori lilikuwa limeshakwenda. Dobi alitembea hadi jalalani, nje ya mji, akakuta mlinzi wa geti anayetaka kibali cha kuingia na buldoza linalosukuma udongo juu ya mizigo ya siku. Akarudi kwa mjumbe.

"Twende klabu tukaseme ukweli," dobi alimsihi. "Wamekitupa kiti chetu, walipe japo vyuma."

"Tukaseme nini? Kwamba alikuwa na kiti tukakificha? Wale wengine wanne watasema tulipanga foleni ya uongo. Mimi kazi yangu itaota nyasi, na mama yako hata hicho cha bandarini hatakiona." Mjumbe alishika mlango. "Maji yakimwagika hayazoleki, dobi. Vumilia."

Wiki iliyofuata bango likapanda barabara kuu, kubwa kama nyumba. Kushoto Bosi sakafuni katika gauni lililofinyangwa. Kulia Bosi kitini, meno yote nje. Chini yake maandishi: TUNABADILISHA MAISHA. TUFAHAMU.

Na watu wakafahamu. Wateja walimpongeza dobi hata kabla ya kuulizia mashati yao. Alipokwenda kwa Spoku kuomba waunde kingine, Spoku alikuwa tayari, ila vyuma hakuwa navyo, ikabidi dobi apite kwa majirani kama ule mwaka wa kwanza. Ule mwaka walimpa bila kuombwa mara mbili. Safari hii mwenye duka alicheka. "Dobi acha uroho. Kiti cha hospitali hakitoshi?" Jirani wa ukuta mmoja, aliyetoa kigari cha mwanawe mara ya kwanza, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Ukiuza kitu cha msaada, usije kuomba tena kwetu." Alidhani amekiuza. Dobi aliapa, akaapa tena, na kadiri alivyoapa ndivyo alivyofanana na mwongo.

Bosi alikuwa amerudi kwenye dari yake. Hakula vizuri, hakumsema mtu. Mashati dobi alikunja mwenyewe, vibaya, na hakuna aliyemkosoa. Siku ya nne mama alifumbua mdomo.

"Nipeleke nikamwone huyo mwanamke."

"Yupi?"

"Mwenye kiti."

Alimbeba. Chini ya bango, kwenye ukingo wa barabara, Bosi alisema, "Niweke hapa."

"Chini, mama?"

"Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Niweke. Si wanataka umma ujue? Basi na ujue."

Alimketisha, akamwegemeza kwenye nguzo ya bango. Gauni lilikuwa lile la buluu, limenyooshwa upya. Dobi alisimama pembeni, akingoja mtu mmoja tu atazame juu, atazame chini, aulize. Watu walipita. Wafanyakazi wakiwahi, wanafunzi, wauza maji. Wengine walitazama juu na kupita. Wengine walitazama chini, wakaongeza mwendo. Hakuna shingo iliyofanya kazi zote mbili.

Mwishowe mwanamke mmoja mwenye mkoba alisimama. Akainama, akaweka sarafu mapajani mwa Bosi.

"Mwanangu, mimi siombi," Bosi alisema. "Mimi ndiye yule pale juu."

Mwanamke alitazama bango, akamtazama tena mama aliyekaa mchangani. Uso wake ulijaa huruma ya kweli.

"Hapana, mama," alisema kwa upole, kama anayemwelekeza aliyepotea. "Yule ana kiti."

Akaenda zake. Bosi aliitoa ile sarafu mapajani, akaiweka juu ya ukingo wa barabara. Dobi alichuchumaa akampa mgongo, na mama yake akamshika shingo kwa ule mkono mmoja.