Kiti Kilichoandikwa Kitupu

Saa tisa na nusu alasiri Arlene Dombrowski alizima jiko chini ya sufuria ya kabichi, akavaa koti la mumewe, akamimina kahawa kwenye vikombe viwili na kutoka nje kwenda kukaa naye ndani ya gari. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya nyumba tangu mwezi wa pili, pua imebonyea, kioo cha mbele kimepasuka upande wa kulia. Barua ya kampuni ilimwagiza asiliuze wala asiliguse mpaka mkaguzi aje kulitazama. Norbert alikuwa kwenye kiti cha abiria, mkanda amefunga, kofia ya chama cha wafanyakazi imeshuka hadi masikioni. Alikuwa amezikwa wiki kumi zilizopita.

Arlene aliingia upande wa dereva, akamwekea kikombe chake juu ya dashibodi. Norbert hakunywa tena kahawa, lakini alipenda kuwekewa. Juu ya redio taa ndogo iliwaka kijani.

"Imekuona," alisema Arlene.

"Leo imeniona mchana kutwa. Hata nikijikuna inaniona."

Taa hiyo ndiyo iliyowafikisha hapo. Ikiwa kijani, maana yake gari linajua kuna mtu kitini, na mfuko wa hewa ulio mbele yake uko tayari kufumuka likigonga kitu. Ikiwa ya rangi ya chungwa, gari linadhani kiti ni kitupu au kimebeba vitu vya sokoni, na mfuko unabaki umelala. Norbert alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote katika mtaa wao mjini Toledo, kwa sababu alifunga viti vya magari kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja, na gari hili alilinunua jipya kiangazi alichostaafu. Miezi mitatu ya mwanzo taa ilimwona vizuri. Kisha madaktari wakamkata nusu ya tumbo, na mwanamume wa ratili mia moja na sabini akashuka hadi tisini na nane. Taa ikageuka chungwa.

Arlene alilipeleka gari kwenye karakana ya wauzaji mara tatu. Kila mara fundi wao, Curt, alikaa kitini mwenyewe na ratili zake mia mbili na hamsini, taa ikawaka kijani papo hapo, naye akaandika kwenye karatasi: tatizo halikuonekana.

"Mama, mbona gari zima kabisa hili."

"Linakuona wewe. Halimwoni mume wangu."

"Basi si umlete mumeo."

Norbert hakukubali kuletwa. Kwenye uwanja wa ukumbi wa chama chao, magari ya kampuni nyingine yalifukuzwa yakaegeshwe kule nyuma kwenye mapipa ya taka, na kwa miaka yote hiyo aliyesimama getini akiyafukuza ni Norbert. Mtu wa namna hiyo haendi karakana kusema kwamba kiti kilichofungwa na wenzake kina kasoro. "Viti navijua mimi," alimwambia mkewe. "Mwenye kasoro ni mimi. Nimekonda."

Jimbo lao lilikuwa na sheria ya kumlinda aliyeuziwa gari bovu: likitengenezwa mara tatu kwa ugonjwa uleule ndani ya mwaka wa kwanza na lisipone, kampuni inalichukua gari lake na kurudisha fedha. Arlene alipiga simu kwenye ofisi husika. Mama wa huko, mwenye sauti ya upole, alimuuliza gari limetengenezwa mara ngapi.

"Limetazamwa mara tatu."

"Kutazamwa hakuhesabiwi, dada yangu. Kuna walichokitengeneza?"

Hakukuwa na walichokitengeneza. Hapo Norbert akajitengenezea mwenyewe, kwa akili ya kiwandani. Alinunua mfuko wa chumvi, ile ya mawe ya kuyeyusha barafu ngazini, ratili arobaini, akaupakata na kuupitishia mkanda. Taa ikawa kijani. Majira yote ya baridi alikwenda na chumvi yake mapajani, hospitali, kanisani, kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa katika ukumbi wa parokia. Watu walimzoea.

"Norb, mtoto hajambo?" waliuliza wakimwona anashuka.

"Hajambo. Analala vizuri, hasumbui."

Jumapili moja ya mwezi wa pili ilinyesha mvua inayoganda ikigusa chini. Ngazi za mlangoni zikawa kioo. Arlene, kwa kuogopa mumewe asije akateleza na kuvunjika nyonga, aliupasua mfuko na kuimwaga chumvi yote. Norbert alishuka ngazi salama. Garini taa ilikuwa chungwa, nao wote wawili waliiona.

"Ni hapo kanisani tu," alisema Norbert.

Kwenye kona ya duka la maua gari liliteleza polepole, bila hata kelele, likagonga nguzo. Mfuko wa hewa wa Arlene ulifumuka. Wa Norbert haukufumuka. Arlene alitoka na jeraha dogo la kifundo cha mkono, na alirudi nyumbani jioni ile peke yake, akapanda ngazi kavu zisizo na barafu hata chembe.

Arlene aliiandikia kampuni kulalamika, na barua ya majibu ilikuja mwezi wa nne. Kampuni ilimpa pole kwa usumbufu. Ilieleza kwamba kompyuta ya gari ilikuwa imeandika kila kitu, na kwamba wakati wa kugonga, kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Kwa hiyo malalamiko yake kuhusu abiria yalikuwa magumu kushughulikia, ingawa mkaguzi angekuja kulitazama gari. Arlene aliisoma mara nne hapo mezani. Hakuwa na haja ya fidia. Alitaka sentensi moja tu kwenye karatasi yao yenye nembo: kwamba mumewe alikuwemo. Waliishi pamoja miaka arobaini na mitatu, na sasa watu wasiomjua walikuwa wamemfuta kwenye safari yake ya mwisho, kana kwamba asubuhi ile yeye Arlene alikuwa akiongea na kiti. Uchungu wa msiba aliweza kuubeba. Huu wa pili ulimlaza chini.

Kesho yake Norbert alikuwa garini. Bernice, mama wa posta, ndiye aliyemwona kwanza.

"Norb," alisema, akainua mkono.

"Bernice," alijibu Norbert.

Arlene hakushangaa. Norbert hakuwahi kuacha karatasi yenye kosa ikapita mbele yake.

Mkaguzi alifika mwezi wa tano, mwanamume nadhifu aitwaye Vandermeer, na kompyuta yake kwenye sanduku la bati. Alimpa Arlene mkono, kisha akainama dirishani.

"Shikamoo, mzee. Samahani nitakusumbua kidogo."

"Fanya kazi yako, kijana."

Vandermeer aliunganisha nyaya chini ya usukani. Alimwomba Norbert ashuke, akae, ashuke tena, akae tena, aegemee mlango, anyooshe miguu. Mara tisa. Kila Norbert alipokaa, taa ilikuwa kijani. Kila aliposhuka, chungwa. Arlene alisimama kando akiiona kesi yake inamponyoka. Mkaguzi alipogeuka kuchukua kalamu, alimwinamia mumewe.

"Jifanye mwepesi," alimnong'oneza. "Jiinue kidogo kwa mikono."

"Siwezi kukidanganya kiti, Arlene."

"Kilikudanganya wewe."

Norbert aliitazama mikono yake, wala haikuinuka. Vandermeer aliandika kwamba kifaa cha kiti kinamtambua abiria ipasavyo, bila dosari.

"Na siku ile?" Arlene alimuuliza.

"Siku ile kiti kilikuwa kitupu, mama. Imeandikwa."

"Mwenyewe si huyu hapa? Muulize."

Vandermeer hakuwa mtu mbaya. Aliuliza. "Mzee, ulikuwemo?"

"Nilikuwemo."

Mkaguzi alizipitia kurasa za fomu yake, ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha akarudia. "Kuna sehemu ya maelezo ya dereva," alisema, "na kuna ya kompyuta. Ya abiria haipo." Akasema pole, na alimaanisha. Akafunga sanduku lake, akakataa kahawa kwa adabu na kuondoka.

Walipobaki wawili Arlene aliingia upande wa dereva, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu mazishini.

"Ni mimi niliyeimwaga chumvi," alisema.

"Ngazi zilikuwa na barafu."

"Ningebakisha hata nusu."

"Nusu isingetosha," alisema Norbert, ambaye alivijua viti. Kisha akasema, "Na mimi niliiona taa, Arlene. Ningekaa nyuma. Niliona haya kukaa nyuma kwenye gari letu wenyewe." Aliuweka mkono wake juu ya wa mkewe. Ulikuwa baridi na hauna uzito wowote, na Arlene hakuutoa wake mpaka kabichi ikaungulia jikoni, maana siku hiyo alisahau kuzima jiko.

Malalamiko yalifungwa mwezi wa sita. Mwezi wa tisa Bernice alileta bahasha nyingine, yenye mstari mwekundu, imeandikwa jina la Norbert, kwa kuwa gari lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake. Arlene alimpelekea garini na kumsomea, kwani miwani yake walimzika nayo mfukoni na hakurudi nayo. Kampuni ilikuwa inayaita magari yake yarudi. Ilikuwa imegundua kwamba viti vilivyofungwa katika miezi fulani huweza kushindwa kumtambua abiria mwepesi. Kiti kingebadilishwa bure. Hadi hapo, mtu yeyote asikikalie.

"Miezi gani?" aliuliza Norbert.

Arlene alimtajia.

"Nilikuwa bado kazini," alisema Norbert.

Arlene aliendelea kusoma, kwa sababu barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Kampuni ilifurahi kuwajulisha wateja wake kwamba haina taarifa ya kifo hata kimoja kilichosababishwa na kasoro hiyo. Sentensi hiyo aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo sana.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kadi ya majibu, stempu imeshalipiwa. Ilikuwa na visanduku vinne vya kutia alama: gari limeuzwa, gari limeibwa, gari limevunjwavunjwa, mwenye gari amefariki. Norbert aliomba kalamu. Karatasi zote za gari alizijaza yeye siku zote. Alitia alama kwenye kisanduku cha nne na kuweka sahihi yake.

"Andika umekufa kwa nini," alisema Arlene.

"Hawajaweka mahali."

"Andika pembeni."

Norbert hakuwahi kuandika nje ya mstari maishani mwake. Aliigeuza kadi, akaandika ukingoni kwa herufi ndogo: Nilikuwemo. Arlene akaipeleka kwenye sanduku la barua na kuinua kile kibendera chekundu, Bernice ajue kuna barua ya kuchukua.

Kadi hizo husomwa na mashine, na mashine husoma visanduku. Mwezi wa kumi kampuni ilishukuru kwa ushirikiano na kusema kwamba jina la Norbert Dombrowski limeondolewa kwenye orodha ya wateja wanaosubiri kutengenezewa. Hakukuja barua nyingine. Mtaani magari mengine matatu ya aina ile yalibadilishiwa viti, yakaendelea na safari zake.

Theluji ya kwanza iliwahi mwaka huo. Arlene alikwenda dukani akanunua mifuko miwili ya chumvi. Mmoja aliumwaga ngazini, wote. Wa pili aliukumbatia kwa mikono miwili, akapita nao kwenye theluji hadi garini, akafungua mlango wa abiria.

"Mzito huo," alisema Norbert. "Utaumia mgongo."

Arlene alimpakatisha mfuko mapajani, akaunyoosha vizuri, akaupitishia mkanda na kuuvuta mpaka ukashika. Taa ilikuwa kijani kabla hajauweka. Aliuweka hivyohivyo, kisha akazunguka upande wa dereva, akaingia na kufunga mlango.