Nahodha wa Kuonyeshwa

Usukani ulizunguka bila uzito, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Nahodha aliusukuma kushoto. Kivuko kikakata kulia, taratibu, kuelekea gati la ng'ambo. Usukani haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Meneja aliamuru ufungwe hapo baada ya kivuko kipya, kinachojiendesha chenyewe, kwenda na kurudi kitupu wiki nzima, watu wakiogopa chombo kisicho na nahodha.

“Wewe kaa tu, dada, wakuone,” alimwambia. “Wakishazoea nitakuhamishia chumba cha mitambo. Ila mdomo, ufunge.”

Kivuko cha zamani, alichokuwa akikiendesha, kilikuwa kimeshauzwa kama vyuma chakavu. Nyumbani, mumewe alikuwa kitandani tangu mgongo umsaliti. Akaufunga mdomo.

Gatini watu walikuwa wamesimama mikono viunoni, hakuna aliyetaka kutangulia. Shangazi yake, muuza mboga, akachungulia mlangoni.

“Kumbe uko humu!” Akawageukia wenzake. “Si mlisema hakina mtu? Huyu ni jini?”

Wakacheka.

“Mimi sipandi chombo kisicho na mwenyewe,” shangazi akaendelea. “ Kikizama nimlaumu nani, bati?”

Wakapanda. Shangazi alitua tenga lake, akamshika bega. “Ukiwepo wewe, mwanangu, mimi nasinzia.”

Nahodha akaushika usukani, akauzungusha. Shangazi akasinzia kweli, kichwa kwenye dirisha.

Mwezi ulipokwisha, wapimaji wa maoni waliwauliza abiria kama wameridhika na safari. Meneja alikuja anatabasamu mpaka gego.

“Karibu wote wanakipenda! Watu wako tayari kwa kivuko kinachojiendesha.”

“Wako tayari kwa sababu mimi nimo.”

“Walioulizwa hawakusema hivyo.”

“Waliulizwa hilo?”

Meneja akaangalia simu yake. “Umetufaa sana, dada. Kesho usije.”

“Na chumba cha mitambo?”

“Kule wanataka wasomi wa kompyuta.”

Asubuhi alikuja hata hivyo. Mlinzi alimzuia getini, mkono mbele, macho pembeni. Vioo vya chumba cha nahodha vilikuwa vimebandikwa plastiki nyeusi.

“Shangazi!” aliita. “Shuka! Simo humo!”

Injini zikanguruma. Shangazi hakugeuka. Alikuwa mlangoni mwa kivuko, tenga kichwani, anamvuta mkono mjamzito mmoja aliyekuwa akisita.

“Panda, mama, usiogope,” alimwambia. “Mwanangu yumo ndani.”